Shahada, warsha, shule fupi au jumuiya: ulinganisho kwa anayetaka kujifunza sayansi ya data chuoni

Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea faili lenye rekodi za wagonjwa wa nje wa kituo kimoja cha afya, akiomba nimsaidie kuelewa kwa nini mchoro wake ulionyesha msongamano mkubwa saa nane za usiku, ilhali kituo hicho hufunga milango jioni. Tulilikalia faili hilo muda mrefu kabla jibu halijajitokeza. Karani wa zamu moja alikuwa akiandika 2:15 kwa maana ya saa mbili na robo asubuhi, kama sote tunavyosema. Karani wa zamu nyingine, aliyezoea saa ya simu yake, aliandika 8:15 kwa wakati huohuo. Kompyuta, ambayo haijui kwamba siku yetu huanza alfajiri, iliisoma 2:15 kuwa ni saa nane na robo usiku. Wala haikuwezekana kuongeza saa sita katika safu nzima na kuendelea na kazi, kwa sababu 8:15 ya karani wa kwanza ilikuwa mchana na 8:15 ya karani wa pili ilikuwa asubuhi.

Mwanafunzi huyo hakuwa mzembe. Alikwishamaliza kozi ya miezi kadhaa mtandaoni, alikuwa na cheti, na modeli aliyoijenga, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye data ili ikisie majibu, ilikuwa imeandikwa kwa ufundi. Alichokosa ni mtu wa kumfundisha mapema kulitilia shaka jedwali kabla ya kulikabidhi kwa modeli, pamoja na mahali pa kulipeleka lilipomshinda. Kazi yangu chuoni ni kuwasaidia wanafunzi na data zao, na tangu siku hiyo, kila ninapoulizwa kama ni heri kujiandikisha shahada, kuhudhuria warsha, kusafiri kwenda shule fupi ya siku chache au kujiunga na jumuiya ya wanaojifunza pamoja, nalirudia faili lile. Ni njia ipi ingemwezesha kuliona kosa la saa, na ni ipi ingekuwa karibu naye siku alipokwama? Mara nyingi mambo hayo mawili hayapatikani mahali pamoja.

Nianze na shahada ya uzamili, kwa kuwa ndiyo inayogharimu zaidi na ndiyo inayotamaniwa zaidi. Katika eneo letu nafasi zimeongezeka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha uzamili wa sayansi ya data katika ndaki yake ya teknolojia ya habari na mawasiliano iliyoko Kijitonyama. Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kina uzamili wa sayansi na uchanganuzi wa data. Na Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri katika sayansi ya data jijini Kigali, mojawapo ya vituo 24 vya mashariki na kusini mwa Afrika vilivyopata ufadhili wa Benki ya Dunia kupitia mradi ulioanza 2016. Kituo hicho cha Kigali huwaruhusu wanafunzi kuelekea kwenye takwimu za afya, demografia, uchumi au hesabu za bima, na mwelekeo huo una uzito kuliko jina la shahada. Anayetarajia kufanya kazi hospitalini na anayetarajia kufanya kazi katika kampuni ya bima wote wataandikiwa kwamba ni wahitimu wa sayansi ya data, lakini mmoja akisoma masomo ya mwenzake atajikuta na chombo kisichofaa kazi yake. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, isomwe orodha ya masomo ya kila muhula, na wasiishie kwenye picha za jengo.

Kile ambacho shahada hutoa na ambacho njia nyingine haziwezi kukitoa kwa urahisi ni msingi wa nadharia ya uwezekano na takwimu, muda wa kutosha wa kukosea na kusahihishwa, na msimamizi anayewajibika rasmi kwa kazi yako. Juu ya hayo kuna suala la ruhusa, ambalo wengi hulichukulia kama urasimu mpaka limewakwamisha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Utafiti wa afya huhitaji kibali cha maadili, na mtafiti nchini Kenya hulazimika pia kupata leseni ya NACOSTI, tume ya nchi hiyo ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Mwanafunzi wa shahada hupita katika milango hiyo akiwa ameshikwa mkono. Hujifunza, kwa mfano, kwamba kufuta safu ya majina hakutoshi, kwa kuwa jedwali lenye umri, jina la kijiji na tarehe ya kujifungua linaweza kumtambulisha mama mmoja kwa kila jirani yake.

Udhaifu wa shahada uko katika mpangilio wa wakati. Programu nyingi humpa mwanafunzi data zilizokwisha kusafishwa katika mihula ya mwanzo, ili mwalimu aweze kufundisha mbinu bila kupotezewa muda, na data halisi zenye vumbi lake huja wakati wa tasnifu, ambapo muda umekwisha kuwa mchache na ada ya muhula wa ziada inanyemelea. Kosa la saa lingeonekana katika shahada, lakini huenda lingeonekana mwaka wa pili. Kwa sababu hiyo huwashauri wanaoomba nafasi wawaulize wanafunzi wanaomaliza, si ofisi ya udahili, maswali mawili tu: ni muhula gani mlianza kushika data ambazo hakuna mtu aliyezisafisha kabla yenu, na msimamizi hukutana nanyi mara ngapi kwa mwezi? Majibu ya maswali hayo hutofautiana sana, hata ndani ya chuo kimoja.

Ipo pia shahada ya namna nyingine, ile ya mwaka mmoja ya kujifungia na kusoma tu. Programu ya uzamili wa akili za mashine ya AIMS (taasisi ya Kiafrika ya sayansi za hisabati), programu iliyoanzia Kigali mwaka 2018 kwa ufadhili wa Google na Facebook, ndiyo inayojulikana zaidi. Wahadhiri huja kwa zamu kutoka nchi mbalimbali na masomo ni mazito. Anayeipenda hisabati na kuiweza ajaribu bahati yake. Anayetaka kuchanganua data za shirika analofanyia kazi haihitaji.

Upande wa pili kabisa wa mizani kuna warsha ya siku mbili. Kielelezo kizuri ninachokifahamu ni warsha za The Carpentries, ambazo chimbuko lake ni mafunzo ya programu kwa wanasayansi yaliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, na ambazo kwa jina hili zimekuwapo tangu Januari 2018, baada ya vyama viwili ndugu kuungana. Masomo yote yako wazi mtandaoni kwa leseni huria, na chuo chenye mkufunzi aliyethibitishwa kinaweza kujiandalia warsha yake chenyewe. Mtu akisikia siku mbili hudhani ni mchezo. Mimi pia nilidhani hivyo kabla sijaingia.

Mkufunzi haonyeshi slaidi. Huandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, mbele ya darasa, herufi kwa herufi, nanyi mnaandika pamoja naye, na anapokosea anasahihisha mkiwa mnamwona. Kila mwanafunzi hupewa vikaratasi vya gundi vya rangi mbili. Rangi moja ikibandikwa mgongoni mwa kompyuta mpakato humaanisha kwamba amemaliza zoezi, na rangi nyingine humaanisha kwamba amekwama, hivyo wasaidizi wanaozunguka chumbani wanamfikia bila yeye kunyoosha mkono. Kwa wanafunzi wetu jambo hili lina thamani kubwa. Wengi tumelelewa katika madarasa ambayo kunyoosha mkono na kusema "sijaelewa" kulikuwa ni kujitafutia aibu, na nimewaona wasichana na wanaume wazima walionyamaza muhula mzima wakibandika kikaratasi cha kukwama mara tano ndani ya asubuhi moja.

Tena warsha hizi huanza mahali panapostahili, yaani kwenye jedwali lenyewe. Somo la data za jamii hutumia mahojiano ya wakulima wa umwagiliaji yaliyofanyika Msumbiji na Tanzania kati ya Novemba 2016 na Juni 2017, na nakala inayotumika darasani ina makosa ndani yake, ambapo kijiji cha Chirodzo kimeandikwa pia Chirdozo, na Ruaca imeandikwa pia Ruca. Mwanafunzi hulifungua faili hilo katika OpenRefine, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya kompyuta yake bila kuhitaji bando, na kwa kubofya mara chache huona orodha ya kila tahajia pamoja na idadi ya mara ilizojitokeza. Orodha ya namna hiyo, ikifanywa kwenye safu ya saa ya faili la kituo cha afya, ingeonyesha papo hapo rundo la wagonjwa wa usiku wa manane. Miongoni mwa njia zote ninazozilinganisha, ni hii ambayo ingeliona kosa lile mapema kuliko nyingine, na kwa gharama ndogo kuliko nyingine.

Hata hivyo warsha ina kasoro moja kubwa, nayo ni siku ya tatu. Wakufunzi wameondoka, chumba kimefungwa, na mwanafunzi amerudi chumbani kwake na faili lake ambalo halifanani na lile la darasani. Asipofungua kompyuta ndani ya wiki hiyo akajaribu alichofundishwa kwenye data zake mwenyewe, mengi humtoka. Wala warsha haifundishi takwimu. Itakuonyesha jinsi ya kuchora mchoro na kupata wastani, lakini haitakuambia kama tofauti unayoiona kati ya wilaya mbili ni ya kweli au imejitokeza kwa bahati.

Kati ya shahada na warsha ipo shule fupi, na hapa Afrika Mashariki ina urithi wake wenyewe. Data Science Africa ilifanya shule na mkutano wake wa kwanza mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri. Mwaka uliofuata ikawa Makerere, Kampala, na 2017 ikawa katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Siku za kwanza ni za masomo, na zinazofuata ni za watafiti kueleza kazi zao, jambo linalomfanya mwanafunzi aliyejifunza mbinu jana aione ikitumika leo kwenye tatizo la hapa kwetu. Pale Dedan Kimathi, kwa mfano, kundi la Dkt. Ciira wa Maina limetengeneza vifaa vya bei nafuu vya kupima kina cha maji ya mto Muringato. Na katika Chuo Kikuu cha Makerere mradi wa AirQo, ulioanza 2015, hupima uchafuzi wa hewa kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya vumbi na joto la miji yetu. Mwanafunzi anayeambiwa kila siku kwamba sayansi hii ni ya watu wa mbali anapowasikia wenyeji wakieleza jinsi kifaa kilivyojaa vumbi na walivyokirekebisha, kitu hubadilika katika namna anavyojiona. Sioni njia nyingine inayofanya hivyo kwa siku chache.

Shule fupi ina masharti yake. Nafasi ni chache, huombwa miezi kadhaa kabla, na nauli ya kutoka Mtwara au Mombasa si ya kupuuzwa pale ufadhili wa safari unapokosekana. Huenda kwa kasi, na huwafaa zaidi waliokwisha kuandika programu angalau kidogo. Anayekwenda hajui kabisa Python, lugha ya kuandikia programu, atarudi na picha nzuri na marafiki, lakini masomo yatakuwa yamempita juu ya kichwa.

Njia ya nne ni jumuiya, na ndiyo isiyo na lango moja, kwa hiyo ni rahisi kuidharau. Ndani yake kuna mambo ya aina mbalimbali ambayo watu huyachanganya. Yapo mashindano, kama yale ya Zindi, jukwaa la Kiafrika lililoanza 2018, ambapo unapewa data na swali, unatuma majibu, na unaona jina lako likipanda au kushuka katika msimamo. Mashindano yanafundisha somo moja ambalo darasa hulifundisha kwa shida: msimamo unaouona wakati wa shindano hukokotolewa kwa sehemu tu ya data za majaribio, na sehemu iliyofichwa ndiyo inayoamua mshindi, hivyo aliyeikariri sehemu inayoonekana huporomoka siku ya mwisho. Aliyeporomoka mara moja hawezi tena kusahau hatari ya modeli inayokariri.

Lakini mashindano huficha kazi kubwa iliyotangulia. Shindano maarufu la magonjwa ya muhogo lililofanyika Kaggle, jukwaa jingine la mashindano ya data, kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021 lilikuwa na picha 21,367 za majani, zilizokusanywa Uganda, nyingi zikipigwa na wakulima mashambani mwao, kisha zikapangwa katika makundi matano, manne ya magonjwa na moja la majani yenye afya, na wataalamu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao wakishirikiana na maabara ya akili mnemba ya Makerere. Mshindani alianzia pale ambapo wataalamu hao walikwisha kulitazama jani baada ya jani na kukata shauri. Katika mashindano mwanafunzi wangu asingelikuta kosa la saa, kwa sababu mtu mwingine angekuwa amelifuta kabla.

Jumuiya za utafiti hukupeleka kwenye kazi ileile iliyofichwa. Masakhane, iliyoanza 2019 na ambayo jina lake ni la Kizulu lenye maana ya kujenga pamoja, huwakusanya mtandaoni watu wanaoshughulikia lugha za Afrika, wakiwamo wanafunzi wasio na shahada yoyote. Mwaka 2021 walitoa mkusanyiko wa maandishi ya habari katika lugha 10, Kiswahili, Kijaluo, Kinyarwanda na Kiganda zikiwamo, ambamo majina ya watu, mahali, taasisi na tarehe yametiwa alama kwa mkono. Ukikaa kufanya kazi kama hiyo kwa saa moja utaelewa data ni nini. Neno Neema likianza sentensi, herufi kubwa haikusaidii kujua kama ni mtu au ni baraka; inakubidi utazame kitenzi, kwa kuwa "Neema alimfikia" ni mtu na "Neema ilimfikia" si mtu. Mzungumzaji wa Kiswahili huliona hilo bila kufikiri, na mtaalamu wa mashine asiyejua lugha hii hana pa kulipatia. Hapa mwanafunzi wetu hafuati nyuma; anacho anachohitajiwa kukitoa.

Zipo pia jumuiya za kukutana ana kwa ana. Nairobi ina tawi la wanawake wa ujifunzaji wa mashine na sayansi ya data, na mtandao wa R-Ladies wa wanawake wanaotumia R, lugha ya programu ya takwimu, ulioanza San Francisco mwaka 2012, una matawi yake Afrika. Aliye mwanamke pekee katika darasa la watu arobaini asiyahesabu haya kama ziada. Na kuna klabu ya chuo chako mwenyewe, ambayo huenda ni watu tisa, projekta iliyokopwa na soketi mbili za umeme. Uzuri wa klabu hauko kwenye vifaa. Uko kwenye kurudi kila wiki. Nimeona klabu zilizokufa kwa sababu kiongozi wake alihitimu, na nimeona nyingine ikidumu kwa kanuni moja tu, kwamba kila Ijumaa saa kumi na moja jioni mtu mmoja analeta faili lililomshinda na wengine wanalitazama pamoja naye.

Tukiziweka bega kwa bega, shahada hudai muda mrefu na fedha nyingi, na humwachia mtu cheti ambacho mwajiri, hasa wa serikali, hukitambua bila maelezo. Warsha hudai siku mbili na humwachia mazoea ya kazi, lakini barua yake ya ushiriki haina uzito mkubwa mezani pa mwajiri. Shule fupi hudai maombi mazuri na safari, na humwachia majina ya watu anaoweza kuwaandikia. Jumuiya haidai ada, bali bando, uvumilivu na jioni zake, na humwachia kazi inayoonekana hadharani yenye jina lake, ambayo kwa waajiri wa kampuni za teknolojia huweza kuzungumza kuliko cheti. Kwa upande wa msaada siku ya kukwama, jumuiya iko mbele, ikifuatiwa na shahada yenye msimamizi mwema. Warsha iko mwisho.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa uzamili wa kilimo, afya au elimu ambaye tayari anakusanya data za tasnifu asikimbilie shahada nyingine. Aende warsha, tena kabla ya kuandika dodoso lake, na ajiunge na klabu wiki hiyohiyo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili mwenye muda mwingi na fedha kidogo aanzie klabuni na kwenye masomo huria ya mtandaoni, aingie shindano moja bila tamaa ya zawadi, na aombe shule fupi atakapokuwa amekwisha kuandika programu zake mwenyewe. Mfanyakazi anayehitaji cheo au anayetaka kufundisha chuoni achague shahada, na asiisome peke yake. Anayevutiwa na lugha, naye anazungumza Kiswahili pamoja na lugha ya nyumbani kwao, aende moja kwa moja kwenye jumuiya ya utafiti, kwa maana huko anahitajiwa leo. Na asiye na kompyuta yake mwenyewe aulize kwanza maabara ya chuo hufungwa saa ngapi, kwa kuwa jibu hilo litamwamulia mengi kuliko ulinganisho wowote.

Mwanafunzi wa faili lile alirudi kituoni akiwa na orodha ya zamu. Karani wa asubuhi alimweleza kwa dakika kumi ni nani aliyeandika kwa saa ipi, na ikawezekana kuzitenganisha rekodi zote isipokuwa zile za siku ambazo makarani walibadilishana zamu, ambazo aliziondoa na kueleza sababu katika tasnifu yake. Kisha akaja kulionyesha faili klabuni. Muuguzi mmoja aliyekuwa masomoni alilitazama, akafungua simu yake, akatuonyesha picha ya fomu inayotumika wodini kwao, na chini ya neno "muda" hapakuwa na mahali pa kuonyesha kama ni asubuhi au ni usiku.